Kisu kikubwa cha porini: kagua ala kabla hujagusa makali

Msomaji mmoja wa Bomang'ombe amenitumia picha ya begi lake. Kisu kipya kimetoboa ala, kikatoboa begi, kikaingia kwenye godoro la kulalia, na begi lenyewe lilikuwa mgongoni kwake tangu asubuhi. Kabla yake aliniandikia dada mmoja anayepika kambini upande wa Arusha, kiganja kimeshonwa nyuzi. Alishika ala kwa mkono wa kushoto, akachomoa kwa wa kulia, makali yakapita kwenye mshono na kumkata. Wote wawili walinunua visu vizuri. Chuma hakina lawama. Kilichowaumiza ni ala, na hakuna muuzaji aliyewatajia ala hata kwa neno moja.

Kwa hiyo habari za chuma nitazipitia haraka. Chukua chuma cha kaboni, bapa la sentimita 16 hadi 25, unene usiopungua milimita 4 kama utapasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu na gogo, na chuma kiingie ndani ya mpini mpaka mwisho. Kumbuka pia kwamba ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro ni marufuku kukata mti wala kuwasha moto wa kuni, kwa hiyo kule juu kisu kikubwa hakina kazi. Nazungumza na watu wa kambi za Ziwa Chala, wa milima ya Pare, na sisi wenye vihamba, mashamba ya nyumbani, vya kupunguza miti ya migrivea na kukatia njia.

Sasa ala. Ala nyingi za ngozi zinazouzwa mjini ni kipande kimoja kilichokunjwa na kushonwa upande mmoja, na upande huo ndiko yanakolala makali. Kila ukichomeka na kuchomoa, makali yanasugua uzi. Unakatika mshono mmoja, unafuata wa pili, na nje huoni kitu kwa sababu gundi bado inashikilia. Siku ukiteleza kwenye tope, gundi inaachia na kisu kinatokea ubavuni kwako. Dawa yake inajulikana siku nyingi: utepe wa ngozi nene unaolazwa katikati ya zile kuta mbili kabla ya kushona, ili makali yakutane na ngozi, yasiufikie uzi. Ukiwa dukani, shika ala kwenye mwanga na utazame ukingo wa mshono. Ukiona tabaka tatu za ngozi, utepe upo. Ukiona mbili, mrudishie mwenye duka.

Tazama pia kile kimkanda chenye kifungo kinachobana mpini. Mafundi wengi hukipitisha pale pale makali yanapopita yakitoka, kwa hiyo siku ya haraka unakikata mwenyewe, na kuanzia hapo kisu hakina kinachokizuia. Chomoa taratibu mbele ya muuzaji uone makali yanapita wapi. Halafu rudisha kisu, pindua ala kichwa chini, tikisa kwa nguvu. Kikichungulia, acha. Mwisho tafuta tundu dogo kwenye ncha la kutolea maji, maana mvua za masika zikiingia kwenye ala isiyo na tundu, kisu kinalala majini usiku kucha.

Kwa vipimo hivyo naweka Condor mbele ya wote, na sitajifanya sina upande. Condor hutengeneza visu vyake El Salvador, nchi ya mashamba ambako panga ni chombo cha kila siku kama huku kwetu, na inaonekana waliofikiria kisu ndio waliofikiria ala. Hudson Bay yao ndiyo ninayoipendekeza: bapa la sentimita 21 hivi, chuma cha kaboni aina ya 1075, mpini wa mbao unaojaa kiganja, na ala ya ngozi nene yenye utepe ndani. Ni kizito, na kumenyea viazi kitakuchosha. Lakini kwa kupasua kuni na kukata tawi nene kama mkono sijaona kingine ninachokipa moyo wangu hivi.

Nafasi ya pili nampa mhunzi, na hapa watu wa Moshi tuna bahati ambayo hatuitumii. Mamba, jirani na Marangu, bado kuna wahunzi wa Kichaga wa ukoo wanaofua chuma kwa mkaa na mivukuto, watu ambao wazee wao waliwafulia Wamaasai mikuki. Mpelekee kipande cha springi ya gari, chuma kigumu kisichovunjika ovyo, na umchoree umbo unalotaka. Usiagize sime kamili, kwa sababu sime ina makali pande zote mbili na haina mgongo wa kugongea. Agiza bapa la makali upande mmoja, lakini ala iwe ya sime: vipande viwili vya ubao vilivyochongwa na kuvikwa ngozi nyekundu. Makali yanalala kwenye ubao na uzi hayauoni kabisa. Kwangu mimi hiyo ndiyo ala yenye akili kuliko zote, na inatengenezwa hapa hapa.

ESEE-6 ya Marekani ni ya tatu. Bapa lake ni la sentimita 16.5, unene karibu milimita 5, na ala ni ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kufuata umbo la kisu. Hainyonyi maji, wala haina uzi wa kukatwa na makali. Inapiga kelele ukitembea, na kisu ni kifupi kwa kazi ya kufyeka. Kampuni inatoa dhamana ya maisha, ila kukirudisha Marekani kutoka Arusha ni gharama juu ya gharama. Becker BK9 inafuata, bapa la karibu sentimita 23, chombo cha kazi kweli kweli. Ala yake ni ya kitambaa yenye plastiki ngumu ndani. Makali yanazuiwa vizuri, ila kitambaa kikilowa kinachelewa kukauka, na kwenye baridi ya West Kilimanjaro hilo si jambo dogo.

Bei ndiyo inayonikera. Visu hivi vya nje vinaanzia dola mia moja na kitu huko vinakotoka, yaani laki mbili na nusu kwenda juu, bado usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni duka moja la Arusha lililonitajia bei, nikakubali, kisha wakachomoa kisu kwenye ala na kuniambia ala inalipiwa peke yake. Wengine hawakuruhusu hata kufungua boksi, ukifungua umenunua. Na ukiingia umevaa koti la kampuni ya utalii, bei inapanda kabla hujasalimia. Nenda na nguo za shamba, na kama hawakuruhusu kuchomoa kisu, ondoka. Mwenye ndugu au mgeni anayetoka nje amwombe amletee, akiweka kwenye mzigo wa kukabidhi uwanjani, kamwe si begi la mkononi.

Mapanga ya kawaida, ya elfu kadhaa pale soko la Mbuyuni, Moshi, au Kilombero, Arusha, yanafyeka majani na migomba vizuri kuliko vyote nilivyotaja. Ukipata Tramontina ya Brazil, ichukue. Bapa ni jembamba, usilipasulie kuni ngumu. Hapa huuzwa bila ala, limeviringishwa gazeti, na mji kama Moshi, wenye kiwanda cha ngozi pale Karanga, ulistahili zaidi ya gazeti.

Ukishanunua, paka bapa mafuta ya cherehani, ala ya ngozi ipake nta ya nyuki, na ukifika nyumbani kisu kilale nje ya ala. Ngozi huhifadhi unyevu hata ukiigusa ukaona kavu, na kutu huanzia humo.

Kama tayari una kisu kizuri na ala mbovu, usinunue kingine. Nenda kwa fundi viatu na kisu chenyewe mkononi, mwambie atumie uzi mnene wa nailoni uliopakwa nta, aweke utepe wa ngozi upande wa makali, na apige ribeti mdomoni na kwenye ncha. Tundu la maji alitoboe kabla ya kushona, maana akishamaliza atakuambia halina umuhimu.