Katriji ipi ufunge kwenye pleya mpya ya santuri, hasa kama unaishi Dodoma

Kama umeshanunua pleya na kuna hela imebaki, itie kwenye katriji, kale kadude kenye sindano mbele ya mkono wa pleya, kabla hujaanza kuwaza sabufa kubwa. Katriji ndo inayogusa santuri, ukikosea hapo unaharibu sauti na unaharibu pia zile santuri alizokuachia mzee, na zile dukani huzipati tena.

Kwanza angalia kichwa cha mkono. Ukiona katriji imeshikwa na skrubu mbili zilizoachana nusu inchi, yaani milimita 12.7, uko salama, zote nitakazotaja zitaingia. Zile pleya za kibegi zenye kisindano chekundu hazikupi nafasi ya kufunga katriji nyingine, na zinakandamiza santuri kwa gramu tano hivi wakati katriji ya maana inataka kama mbili tu. Kama ndo unayo hiyo, pigia santuri usizozipenda.

Namba moja kwangu ni Audio-Technica AT-VM95E, ile ya kijani, na sababu sio sauti peke yake. Mwili wa katriji ni uleule kwa ukoo mzima wa VM95, unachomoa sindano unachomeka nyingine bila kugusa waya wala skrubu, na kwa huku Dodoma hilo ni jambo kubwa. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hamna, upepo unapiga, umefuta meza asubuhi mchana unaweza kuandika jina juu yake, afu hewa ikiwa kavu vile santuri inajaa umeme tuli, ukiichomoa tu kwenye bahasha yake inavuta vumbi lote la sebuleni. Vumbi likikaa kwenye mfereji, ile mistari ya santuri inayopitwa na sindano, linasaga almasi ya sindano na kuta za mfereji wenyewe. Watengenezaji wanaipa sindano ya E, hiyo ya kijani, masaa 300 hivi, ya C, ile ya bluu, 500, na ML, nyingine ya ukoo huohuo, inafika 1000, na hapo wanahesabia santuri safi, sio ya Nkuhungu mwezi wa nane. Kwa hiyo sindano utanunua tena tu, bora mwili uwe ule ambao sindano zake zipo nyingi na hazikuumizi mfukoni.

Halafu kuna zile santuri nzito za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika ukiziangusha. Mfereji wake ni mpana sana, sindano ya kawaida inazama mpaka chini kwenye uchafu, unasikia mkwaruzo tu. Ukoo huu una sindano ya SP, nyeusi, maalumu kwa 78, na inaingia kwenye mwili uleule. Kama kwenu kuna sanduku la babu hapo ushajua.

Namba mbili ni ndugu yake wa bluu, AT-VM95C. Ncha yake ni ya duara, bei iko chini, na inasamehe hata kama hukuifunga sawasawa. Kama ulizonazo ni santuri ndogo za 45 za enzi za Morogoro Jazz na Western Jazz, zilizopigwa mpaka zikachoka, anza na hii wala usione aibu. Shida yake utaisikia ukikaribia lebo ya katikati, herufi s kwenye kuimba zinaanza kukwaruza.

Tatu ni Ortofon 2M Red, ya Denmark. Nzuri kweli, inatoa milivolti 5.5, na baadaye unaweza kuchomeka sindano ya Blue ukapanda daraja. Nimeishusha kwa sababu bei iko juu kuliko ile ya kijani na sauti yake ya juu ni kali kidogo, kwa santuri zenye vumbi kila punje utaisikia. Nagaoka MP-110 ya Japani ni laini zaidi, ukiipata kwa bei nzuri chukua.

Denon DL-103 utaisikia ikisifiwa sana, ni ya tangu miaka ya 1960. Usianzie hapo. Inatoa milivolti 0.3 tu, inataka kikuza sauti cha aina yake, na sindano ikiisha huwezi kuchomeka nyingine mwenyewe.

Kuhusu kukuza sauti, wengi tuna sabufa yenye tundu la AUX. Milivolti 4 za katriji ukizipeleka pale moja kwa moja utasikia kama mtu anaimba nyumba ya tatu. Angalia nyuma ya pleya kama kuna swichi ya PHONO na LINE, ipo? weka LINE, maisha yanaendelea. Haipo, tenga hela ya kikuza sauti cha fono, kile kinachopandisha milivolti hizo ndogo kabla hazijaingia AUX.

Kufunga sio kazi ya fundi. Waya ni nne: nyeupe na bluu za kushoto, nyekundu na kijani za kulia, na nyeupe na nyekundu ndo chanya. Zishike kwa kibanio, usivute. Uzito wa sindano juu ya santuri pima kwa vile vimizani vidogo vya kupimia dhahabu, ila sahani yake isiwe ya chuma maana sumaku ya katriji itaivuta na namba itakudanganya. VM95 ya kijani na ya bluu ziweke gramu 2.0, ile SP ya 78 inataka kama 5, Red 1.8. Vumbi la kwenye sindano litoe kwa brashi laini ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, kidole hapana.