Mashine ya TENS kwa maumivu ya endometriosisi: tathmini ya mtumiaji wa Dodoma

Mashine ndogo ya TENS, ambayo hupitisha mapigo hafifu ya umeme kwenye ngozi kwa kutumia vibandiko, sasa inapatikana katika baadhi ya maduka ya vifaa tiba hapa Dodoma. Kwa mwanamke anayeishi na endometriosisi naiona ni bidhaa inayostahili kununuliwa, mradi anayeinunua afahamu kwamba analipia nafuu ya muda na si tiba. Nalisema hili mapema kwa sababu muuzaji aliyeniuzia ya kwangu alinihakikishia kwamba inayeyusha uvimbe, inasafisha kizazi na kurudisha uwezo wa kushika mimba, na maneno hayo nusura yanifanye nisinunue chochote.

Endometriosisi hutokea pale tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zinapoota nje yake: kwenye ovari, kwenye kuta za nyonga, na wakati mwingine kwenye utumbo au kibofu cha mkojo. Huko husababisha vidonda vya ndani na makovu yanayoweza kushikamanisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190, na hadi sasa hakuna dawa ya kuuondoa kabisa. Umeme wa mashine haufiki kwenye makovu hayo wala hauyabadilishi. Kazi yake ni kwenye njia inayopeleka taarifa za maumivu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna mfano wa lango, na kwamba hisia za mguso zikipita kwa wingi kwenye mishipa ya fahamu, lango hilo hupunguza taarifa za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Wabunifu wa TENS walijenga juu ya wazo hilo.

Yangu ina njia mbili za kutolea umeme na vibandiko vinne, inachajiwa kwa waya kama wa simu, na ukubwa wake unaruhusu kuifunga kiunoni chini ya gauni bila mtu kuiona. Hapo ndipo inapoishinda chupa ya mpira ya maji ya moto, ambayo bado naiheshimu sana nikiwa nyumbani, hasa usiku wa baridi ya Julai, lakini ambayo siwezi kukaa nayo mapajani kwenye kikao cha ofisi kule Mtumba. Nabandika vibandiko viwili chini ya kitovu na viwili chini kabisa ya mgongo, naweka kasi kati ya hezi 80 na 100, yaani mapigo 80 hadi 100 kwa sekunde, kisha napandisha nguvu taratibu mpaka nihisi mtekenyo ulio imara lakini usiouma. Baada ya dakika kadhaa maumivu ya kiuno, yale ya kuvuta yanayoshuka hadi mapajani, hupungua kiasi cha kuniwezesha kuandika na kusikiliza. Maumivu ya kuchoma yanayokuja wakati wa haja kubwa hayakupungua hata kidogo, na uchovu unaoandamana na siku hizo uko palepale. Nikiizima, nafuu haikai muda mrefu.

Jambo ambalo kijitabu cha maelekezo hakikulitaja ni hali ya hewa ya mji huu. Kiangazi chetu ni kirefu, hewa ni kavu na vumbi haliulizi mtu anafanya nini, kwa hiyo jeli ya vibandiko hukauka na kushika mchanga upesi kuliko inavyotarajiwa. Kibandiko kilichokauka hakigusi ngozi sawasawa. Umeme hukusanyika sehemu moja na badala ya mtekenyo unapata michomo ya sindano. Isitoshe, wengi wetu hapa hujipaka mafuta asubuhi ili ngozi isipauke, na juu ya mafuta kibandiko hakishiki. Nimezoea kuacha sehemu hizo bila mafuta, kuzifuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kubandika, na kurudisha vibandiko kwenye plastiki yake mara tu nikimaliza. Jeli ikianza kufifia, tone la maji safi huiamsha kwa muda. Usivitumie kwa kuazimana.

Ushahidi wa kitaalamu ni mdogo, na mnunuzi ana haki ya kuujua. Kwa maumivu ya kawaida ya hedhi, TENS ya kasi ya juu imeonyesha manufaa katika majaribio kadhaa. Kwa endometriosisi yenyewe, watafiti wa Brazil waliona nafuu zaidi kwa wanawake waliotumia mashine pamoja na dawa za homoni kuliko kwa waliotumia homoni peke yake. Hata hivyo mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 kuhusu ugonjwa huu haukupendekeza njia yoyote mahususi isiyo ya dawa, kwa kuwa tafiti bado hazitoshi. Kwa hiyo sikuacha vidonge vya homoni nilivyoandikiwa na daktari wa wanawake. Nilichopunguza ni ibuprofen na diklofenaki, dawa za maumivu zinazoweza kuudhuru utando wa tumbo, na kwa mtu mwenye historia ya vidonda vya tumbo kama mimi, hilo peke yake linahalalisha bei, ambayo haikufika shilingi laki moja.

Mashine hii haifai kwa mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo, na mjamzito au mwenye kifafa asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari. Isibandikwe mbele ya shingo wala kwenye ngozi yenye jeraha, na isitumike ukiwa umelala, ukioga au ukiendesha gari. Na msichana ambaye maumivu yake yamekuwa yakiitwa chango miaka yote, asiyewahi kupimwa, asianzie dukani. Aanzie kwa daktari wa wanawake, aeleze kila dalili, ikiwamo ile anayoona aibu kuitaja.

Kwa atakayenunua, uliza kwanza kama duka linauza vibandiko vya akiba, kwa sababu duka nililonunulia halikuwa navyo na ilinibidi niagize Dar es Salaam. Angalia pia kichwa cha waya: baadhi ya mashine hutumia pini nyembamba, nyingine hubana kama kishikizo cha shati, na vibandiko vya aina moja haviingii kwenye nyingine. Mwambie muuzaji aiwashe, ujibandike mkononi na ujaribu njia zote mbili kabla hujatoa pesa.