Nimesomewa taroti kwa visasili vya Kigiriki: kadi ya Nyota, kasiki la Pandora na deni langu

Nilikuwa nadai. Nianzie hapo, maana bila lile deni nisingekwenda kutafuta kadi. Mteja mmoja nilimfanyia kazi ya tafsiri, kurasa mia na ushei, nikaikabidhi siku tuliyokubaliana, na tangu hapo ikawa miezi minane ya "wiki ijayo, bila shaka". Rafiki yangu mmoja, aliyechoka kunisikia nikilalama, akanitumia anwani ya huduma hii: kuna mama mmoja yuko Ugiriki, anasoma taroti, zile kadi za picha za kutazamia, kwa simu ya video, na kila kadi anaifasiri kwa kisa cha miungu na mashujaa wa Wagiriki wa kale. Euro 35 kwa dakika 45, kadi moja tu. Nikasema potelea mbali, hata nisipopata jibu nitakuwa nimesikia hadithi.

Kuweka miadi hakuna shida. Unalipa kwa kadi ya benki, unachagua siku, unaandika swali lako kwa sentensi mbili. Nilikaa kupiga hesabu za tofauti ya saa mpaka nikagundua kwamba majira ya joto saa zao na za Dar es Salaam ni zilezile. Saa mbili usiku kwangu, saa mbili usiku kwake. Kiingereza chake ni kizuri, anazungumza taratibu, na mtandao ulikatika mara moja tu (upande wangu, nikiri).

Kabla ya yote alisema jambo lililonifanya nimwamini. Alisema kadi hizi Wagiriki wa kale hawakuzijua kabisa. Zilianza kaskazini ya Italia katika karne ya 15, tena zilikuwa za kuchezea kama karata nyingine. Mambo ya kuzitumia kutazamia yalishika kasi Ufaransa karne ya 18, pale mtu aitwaye Court de Gébelin alipoandika mwaka 1781 kwamba asili yake ni Misri ya kale, bila ushahidi wowote. "Kwa hiyo mimi sikusomei siri ya Wagiriki," akasema. "Ninachukua picha na kuiweka karibu na kisa, kisha tunaangalia wewe umekaa wapi ndani yake." Nilipumua. Nimelelewa pwani, ramli naijua na sina hamu nayo. Hili la picha na kisa nililiweza.

Seti yake ni ile ya mwaka 1909 iliyochorwa na Pamela Colman Smith. Kati ya kadi 78 anatumia 22 tu, zile kubwa. Anazichanganya mbele ya kamera, wewe unasema basi. Nikasema basi. Ikatoka ya 17, Nyota.

Nicheke nisicheke? Mswahili anatoa kadi ya nyota! Kwetu nyota mtu anazaliwa nayo: inang'ara, inafifia, wenye husuda wanaichukua, na ukipita barabara yoyote ya Dar utaona kwenye nguzo ya umeme kibao cha mganga anayesafisha nyota, namba ya simu hapo chini. Nilijaribu kumweleza yule mama. Alitabasamu kwa adabu akaendelea na yake. Hapo palikuwa na dhahabu na aliipita, lakini simlaumu sana, dakika zilikuwa zinakwenda.

Picha yenyewe, kwa asiyeijua: mwanamke yuko uchi, amepiga goti kando ya dimbwi, mguu mmoja uko majini. Ana mitungi miwili, mmoja anaumimina dimbwini na mwingine anaumimina ardhini. Juu yake kuna nyota moja kubwa na saba ndogo, na nyuma kuna ndege juu ya mti. Kadi inayoitangulia ni ya 16, Mnara, unaopigwa radi watu wakaanguka vichwa chini. Ndiyo maana wasomaji wengi wa taroti huiita Nyota kadi ya tumaini, kwamba nyumba imeshaanguka na sasa anga limekucha.

Kisa alichokileta ni cha Pandora, na kwa kusimulia mama huyu anajua kazi yake. Prometheus aliiba moto kwa ajili ya binadamu. Zeus, mkuu wa miungu, akakasirika, akaagiza adhabu iliyovikwa urembo. Hephaestus akakanda udongo na maji akaumba mwanamke, Athena akamvika, Aphrodite akampa mvuto, Hermes akamtia maneno ya hila, na akaitwa Pandora kwa kuwa kila mungu alitoa zawadi yake. Akapelekwa kwa Epimetheus, ndugu yake Prometheus. Epimetheus alikwisha kuonywa asipokee chochote kutoka kwa Zeus, akasahau. Jina lake lenyewe ni la mtu mwenye akili za baadaye, yaani wale wa "laiti ningalijua". Pandora akafunua kifuniko, maradhi na taabu zikatawanyika duniani, na kilichobaki ndani, chini ya mdomo wa chombo, ni kitu kimoja: Elpis, neno ambalo kwa kawaida hufasiriwa tumaini.

Alinirekebisha jambo nililolibeba tangu shule. Hakikuwa kisanduku. Hesiod, mshairi aliyeandika kisa hiki yapata mwaka 700 kabla ya Kristo, anataja *pithos*, dude kubwa la udongo la kuwekea nafaka, mafuta au mvinyo. Mimi nikasema kimoyomoyo: kasiki. Kisanduku kilikuja karne ya 16, msomi Erasmus wa Rotterdam alipotumia neno la chombo kingine kwa Kilatini, na Ulaya nzima ikamfuata. (Faili la kurasa mbili nililotumiwa kesho yake kama muhtasari lilikuwa limepambwa kwa picha ya Pandora na kisanduku. Sikusema kitu.)

Tatizo lilianza kwenye jibu. Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi, akaniangalia kwa huruma akasema: kila baya limeshatoka, tumaini limebaki, subiri, haki yako iko njiani. Basi. Miezi minane nasubiri, na euro 35 zinaniambia niongeze. Kwa huruma ileile angeweza kumwambia mgonjwa, mwanafunzi aliyefeli, aliyeachwa na mchumba. Tena kuna swali nilimuuliza na hakulijibu vizuri: kasiki la Pandora ni moja, mbona kwenye kadi mitungi ni miwili? Akasema ni mfano tu. Ni mfano, sawa, lakini mfano unaochechemea unauliza kwa nini unachechemea.

Kesho yake nikampigia mama yangu Tanga nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nyota ya saa mbili usiku?" akasema. "Nyota njema huonekana asubuhi, mwanangu. Hiyo yako imechelewa. Mdai mtu hela yako."

Usiku huo nikamtafuta Hesiod mwenyewe, kwa Kiingereza. Shairi linaitwa Kazi na Siku, si refu, ni mistari mia nane na kitu, na sehemu kubwa yake ni ushauri wa kilimo. Sikutegemea kumpenda. Ni mkulima mnung'unikaji, kijiji chake cha Ascra anakisema ni kibaya wakati wa baridi, kigumu wakati wa joto, na hakina siku njema. Lakini sikiliza: shairi lote analielekeza kwa ndugu yake Perses, ambaye katika kugawana urithi alichukua zaidi ya fungu lake, na kuwanenepesha watawala anaowaita "walaji wa zawadi". Yaani wala rushwa. Kisa cha Pandora kimetoka kinywani mwa mtu anayedai! Mama wa kadi alikuwa na mdai mwenzangu mkononi mwake na hakunitambulisha.

Kisha nikafika mbele kidogo, kwenye mashauri ya msimu wa baridi, na hapo Elpis anarudi. Mtu mvivu anayengojea tumaini tupu, anasema Hesiod, hujijazia mabaya moyoni. Tumaini si mwenzi mwema wa mhitaji anayekaa barazani akipiga soga na hana riziki ya kutosha. Nikasoma mara tatu. Huyu ni mshairi yuleyule, katika shairi lilelile, na neno ni lile alilolifungia ndani ya kasiki. Wagiriki wenyewe hawakuafikiana kama kile kilichobaki ni dawa au ni ugonjwa mmojawapo. Katika tamthilia ya Prometheus aliyefungwa, inayohesabiwa kuwa ya Aeschylus, Prometheus anajigamba kwamba aliwapandia binadamu matumaini *vipofu* wasiione siku yao ya kufa. Na ukiuliza la wazi, kasiki lilikuwa la mabaya. Tumaini lilikuwa linatafuta nini humo?

Mimi ni mfasiri, kwa hiyo nikafanya ninachofanya kila siku, nikatafuta neno. Elpis ni tumaini? Tumaini kwetu ni neno safi, la mimbarini na la kwenye kadi za pole. Halibebi ule uchungu. Halafu nikalikumbuka ambalo kila siku tunalo mdomoni: tamaa. Mtu aliyeshindwa kabisa tunasema amekata tamaa, kwa hiyo tamaa ni kile kinachomsimamisha. Na hiyohiyo ndiyo ya "tamaa mbele, mauti nyuma". Neno moja linakushika mkono na kukusukuma shimoni. Sijui mfasiri wa Kiingereza angefanyaje, lakini Mswahili akisoma kwamba ndani ya kasiki la Pandora ilibaki Tamaa, hahitaji tanbihi.

Na mitungi miwili? Hiyo nayo ipo, ila kwa mshairi mwingine wa Kigiriki, Homer. Mwisho wa shairi lake la vita, Iliad, mzee Priam, mfalme wa Troy, anakwenda usiku kwa Achilles kuomba maiti ya mwanawe Hector aliyeuawa na Achilles huyohuyo, na Achilles anamwambia kwamba sakafuni kwa Zeus kuna makasiki mawili, moja la mabaya, moja la heri. Wengine Zeus huwachanganyia. Wengine huwachotea kwenye la mabaya peke yake. Wa kuchotewa heri tupu hatajwi. Ukiitazama kadi ya Nyota kwa macho hayo, yule mwanamke haonekani tena kama mfariji. Anamimina, mkono huu na mkono huu, na wewe unayepokea hujui mtungi upi ni upi. Kwa maoni yangu kisa hiki kinaikaa picha vizuri kuliko cha Pandora. Na kama mtu anataka maji kwa maji, wapo mabinti wa Danaus, waliowaua waume zao usiku wa harusi na kuhukumiwa kuzimu kujaza maji chombo kinachovuja. Miezi yangu minane ya kupiga simu ilifanana sana na hiyo kazi.

Jumatatu nikaandika barua ya madai, yenye tarehe, kiasi, na siku kumi na nne. Sikuweka neno "tafadhali natumaini". Nusu ya pesa imeingia. Nusu nyingine, naambiwa, wiki ijayo.

Kwa anayetaka kujaribu: simulizi ni la daraja la juu, historia ya kadi ameieleza bila kudanganya, na dakika 45 zilikuwa 45 kweli, hakuna kuuziwa nyongeza wala kutishwa kwamba una mkosi. Ufasiri ndio wenye kasoro, unakimbilia kufariji kabla kisa hakijaisha kusema. Mwambie swali lako mapema kwa ukali wake wote, na ukisikia "subiri", muulize mshairi anasemaje. Ambaye hapendi kusoma zaidi baada ya simu kukatika nadhani ataona amepunjwa. Nampa nyota tatu na nusu, na ile nusu nimemwongezea baada ya yaliyofuata.

Yaliyofuata ni kwamba nilimwandikia. Nilimtajia zile beti za mtu wa barazani, nikamweleza neno letu na sura zake mbili, nikamwambia bila kuficha kwamba ushauri wake ulinikera. Nilitegemea kimya. Baada ya siku mbili ukaja ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja, bila malipo. Alizisoma zile beti kwa Kigiriki cha kale, polepole, akakubali kwamba wateja wengi humjia usiku wamechoka na amezoea kuwapa kitu cha kulalia. Akasema safari nyingine Nyota ikitoka atawauliza kwanza ni mtungi upi. Kisha akajaribu kulitamka neno langu, mara nne, na mara zote nne likamkatikia mwisho: *tama*. "Pandora alibaki na tama," akasema kwa furaha ya mtu aliyejifunza kitu.

Sijamsahihisha. Namwona Pandora pale kando ya kasiki, kifuniko mapajani, ameshika tama.