Duka la spea la Gran Turismo 7: nunua tairi kwanza, turbo itasubiri

Aisee hili gemu la mbio za magari ukianza tu wanakuchagulisha gari tatu, Aqua, Fit na Demio, yaani ndinga zilezile tunazopanda kila siku kwenda mjini. Mi nikachukua Demio maana mjomba anayo, ila ya kwenye gemu ni dizeli.

Sasa twende kwenye duka la spea maana ndo hela zangu nyingi zimeishia huko. Spea zimejaa hatari, na kadiri unavyokusanya magari ndo zile kali zinafunguka, ukiwa na hela mkono unawasha. Mi nilipopata Supra RZ ya 97 nikakimbilia turbo, ekzosti, komputa ya injini, kila chenye kuongeza nguvu za farasi nikabeba, tairi nikaacha zilezile ilizokuja nazo. Nikaipeleka Trial Mountain, moja ya njia za mbio za gemu, kila nikitoka kona nikikanyaga mafuta makalio ya gari yanatangulia mbele, nikawa naangalia nilikotoka 😂 dogo wangu akaniuliza bro we unarudi au unaenda?

Kichekesho zaidi kilikuwa kwenye zile mbio za Tokyo Expressway zenye kikomo cha PP 600. Hizo PP ni pointi gemu inazoipa gari kwa uwezo wake wote kwa ujumla, Supra yangu ikazidi, haingii. Ikabidi ninunue kifaa cha kubana nguvu ya injini. Yaani nimelipia nguvu halafu nalipia tena cha kuinyonga hiyo nguvu!!

Ndo nikashtuka. Tairi nazo zinapandisha PP, tena sana, ila PP za tairi unazila kila kona na kila breki, za turbo unazila kwenye barabara iliyonyooka tu. Nikaitoa turbo, nikafunga tairi za Sports Soft, zile laini zinazoshika barabara, nikapunguza uzito wa bodi, Supra ikawa gari nyingine kabisa, unachelewa kushika breki na bado inakata kona, ukikanyaga inaondoka. Tokyo pale kuta ziko pembeni hapo hapo, ukigusa ukuta bonasi ya kuendesha bila kugonga inaota mbawa, kwahiyo gari inayotii ina faida kuliko yenye mbio.

Angalizo, kupunguza uzito ukishafanya umefanya, huchomoi kama spea nyingine, ila ukizidi PP unaweza kubeba uzito wa nyongeza na unachagua ukae mbele au nyuma, hiyo nimeipenda. Gia za kujipangia pia nunua, unaseti spidi ya mwisho kulingana na njia, njia fupi yenye kona nyingi unazifupisha gari inachomoka. Gari ukilinunua yadi ya mitumba anza na kumwaga oili, bei ya kutupa na nguvu zinarudi kabla hujagusa spea yoyote. Naitrasi, ile gesi ya kuipa injini nguvu ya muda mfupi, mi sina hamu nayo, unabonyeza inaisha umebaki na deni.

Duka lenyewe nalipa alama nne kati ya tano. Moja nimekata kwasababu halikuelezi vizuri spea ipi inamfaa nani, linakuonyesha farasi zimepanda basi, na mgeni akiona namba imepanda anajua kapata. Pia gemu linataka intaneti karibu muda wote, bando likikata unabaki na vitu vichache tu vya kufanya.

Demio bado ninalo, nimelifunga tairi za Racing, mjomba akaliona akauliza zinauzwa wapi hizo.