Mashine ya kupima pumzi: eti mimi ndiye "sishirikiani"

Kama hujawahi kuvunjika ubavu, usinijie na maneno ya "jikaze". Msimu uliopita wa karafuu tawi lilinikatikia kule kwetu Pemba, nikatua kwa ubavu. Mbavu tatu. Nikavushwa kwenda Unguja, na boti ilipofika mkondo wa Nungwi kila wimbi nililihesabu mwenyewe.

Hospitali nitaisitiri jina. Kijana wa mashine hakunipa hata salamu. Kanibana pua kwa kibanio, kanitia mrija mdomoni: vuta pumzi mpaka mwisho, kisha itoe kwa kishindo, uendelee kupuliza sekunde 6, usikohoe. Mara 3. Nikivuta, sijafika nusu, ubavu unachoma kama mwiba wa samaki taa.

"Mzee, unafanya makusudi. Hebu puliza kama mwanamme!"

Mlangoni watu wanacheka. Akaandika hewa niliyoitoa, lita 1.3, na pembeni yake: *mgonjwa hashirikiani*. Nilikisoma kwa macho yangu. Skuli nimesoma, ati.

Aliyeniokoa ni muuguzi, bibi wa makamo. Suali lake la kwanza: "Baba, umepewa dawa ya maumivu?" Wapi! Akanipa, akanikalisha kama saa nzima, akakunja kanga yake mara nne, akaniambia niikumbatie pale palipovunjika. Nikapuliza. Lita 2.1. Mbavu zile zile, mapafu yale yale!

Yeye ndiye aliyenifahamisha: mwenye mbavu zilizovunjika hunywa hewa kwa kijiko kwa kuogopa maumivu, mapafu huku chini hayafunguki, kohozi linatuama, mwisho nimonia. Ndiyo maana wanataka ile namba, tena wapime siku baada ya siku waone inapanda au inashuka.

Basi mashine sina ugomvi nayo, nzuri mno, mwenye mbavu asiikimbie. Ila nzuri kwa nani? Mpe yule kijana mtu mwenye maumivu hajapewa hata kidonge, itamtolea namba ya maumivu, si ya mapafu. Wallahi nikiifikiria ile 1.3 naona bora ningebaki Pemba nikandwe.

Na karatasi ile ya mwanzo haikutolewa kwenye faili. Asubuhi daktari kalifunua, kanitazama juu ya miwani: "Wewe ndiye yule asiyeshirikiana?"