Kikapu cha dola 30 cha Baltimore: kinazifaa figo kiasi gani?

Wamarekani weusi ni kama asilimia 13 ya watu wa Marekani, lakini kati ya wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kabisa, wao huzidi asilimia 30. Kisukari na presha ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na vyote viwili vina mkono wa jikoni. Mpango wa kikapu tunaoupima hapa ulijaribiwa Baltimore na watafiti wa Johns Hopkins wakishirikiana na idara ya afya ya jiji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016.

Walishiriki watu weusi 123 ambao presha zao zilikuwa tayari zimedhibitiwa. Kwa wiki 8, nusu yao walikuwa na mshauri wa lishe aliyewasaidia kuagiza kwa intaneti vyakula vya dola 30 kila wiki: matunda, mboga, maharage, karanga na vingine vyenye potasiamu nyingi, madini yanayosaidia kushusha presha. Supamaketi ilivifikisha maktaba ya mtaani. Nusu nyingine walipewa kijitabu na fedha za kiasi hichohicho kwenye kadi, wakajinunulie.

Alama za juu zaidi tunazipa hiyo maktaba na huyo mshauri. Mtaa usio na duka la mboga mbichi hauponywi na kadi, kwa sababu fedha zitaishia kwenye duka lililo karibu, na duka hilo linauza chipsi na soda. Kundi la mshauri lililizidi lile la kadi kwa karibu vipimo 1.4 vya matunda na mboga kwa siku (kipimo kimoja ni nusu kikombe cha mboga zilizopikwa au tunda moja la wastani). Potasiamu kwenye mkojo nayo ilipanda, na ushahidi huo tunauamini kuliko hojaji, maana mtu akiulizwa alikula nini jana hujipendelea.

Presha, hata hivyo, haikushuka kwa tofauti ya maana. Hatushangai. Watu hawa walikuwa tayari wanatumia dawa, na kikapu huongeza chakula kizuri bila kuondoa kibaya. Katika jaribio la DASH, mlo uliobuniwa kushusha presha, lililochapishwa 1997, washiriki walipewa chakula chao chote kikiwa kimepikwa, na wenye presha ya juu walishuka kwa takriban 11 kwenye namba ya juu. Mwaka 2001 ikaonekana kwamba kupunguza sodiamu hadi karibu miligramu 1,500 kwa siku huishusha zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina kama 2,300.

Hapo ndipo sufuria inapouangusha mpango. Collard greens, ndugu wa sukuma wiki, kwa desturi huchemshwa na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, na chumvi yote huingia kwenye mchuzi. Kubadilisha ukaweka bata mzinga wa moshi si dawa, naye ametiwa chumvi. Kaanga kitunguu na saumu, weka pilipili na paprika ya moshi, kisha siki mwishoni kabisa. Ukiiweka mapema, mboga hupoteza ukijani wake. Maharage ya kopo yamwage maji yake na kuyasuuza vizuri, au loweka makavu usiku kucha: kikombe 1 hutoa karibu vikombe 2 na nusu, tena kwa bei ndogo.

Onyo letu kubwa ni kwamba kikapu hiki si cha kila mwenye figo mbovu. Kiwango cha uchujaji wa damu kwenye figo (eGFR) kikiwa chini ya 30, au potasiamu ya damu ikiwa tayari juu, ndizi na viazi vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hatari huongezeka kwa anayetumia dawa zinazopandisha potasiamu kama lisinopril, losartan au spironolactone, na zaidi akitumia chumvi mbadala, ambayo mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Toleo lililofuata la mpango huu liliwalenga wenye presha na dalili za ugonjwa wa figo, na kipimo chake kikuu kikawa albumini (protini ya damu) kwenye mkojo. Huo ni uamuzi sahihi, kwa kuwa figo huanza kuvuja albumini mapema, kabla mtu hajahisi lolote.

Kanisa au kliniki inayotaka kuiga ianze na kreatinini (taka ambayo figo huichuja) na potasiamu ya damu, pamoja na uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo. Uwiano huo ukifika miligramu 30 kwa gramu, mtu huyo apelekwe kwa daktari. Majibu ya eGFR ya kabla ya 2021 yakokotolewe upya, kwani fomula ya zamani iliwaongezea weusi alama na kuzifanya figo zao zionekane nzima kuliko zilivyo. Bajeti ikibana, punguzeni karanga za bei, msimwondoe mshauri.