TAHADHARI: "Kifurushi cha kuanzia" cha mashine ya stika kilivyoniliza 1,850,000

Wapendwa, hasa akina mama wenzangu wa vikoba na vijana mnaotafuta cha kufanya nyumbani, kuna tangazo linazunguka mitandaoni la mashine ya kukata stika. "Anza biashara ya stika sebuleni kwako! Mashine, roli 10 za stika, mafunzo siku tatu, na kazi tunakupa sisi. Sh 1,850,000 tu." Tangazo hilo limeniliza mwezi wa tatu mwaka huu, na hela yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa mkopo wa kikoba. Jina la muuzaji silitaji. Tangu nimjue, ukurasa wake umeshabadilishwa jina mara tatu, kwa hiyo nikilitaja leo, kesho mtakuwa mnamkwepa mtu ambaye hayupo. Nitawaeleza anavyofanya. Hilo halijabadilika.

Nisieleweke vibaya, biashara yenyewe si ya utapeli. Angalia kioo cha nyuma cha daladala, ubavu wa bajaji, mlango wa saluni, dumu la sabuni ya maji, chupa ya maji ya mtoto wa shule. Zile ni stika, na nyingi zimekatwa na plota, ndiyo hiyo mashine ya kukata stika. Ukishaiona inafanya kazi, unaielewa: unachora kwenye kompyuta, kisu kidogo kama ncha ya kalamu kinafuata mistari, kinakata stika bila kukata karatasi ya chini. Unachambua ziada kwa sindano, unabandika karatasi ya kuhamishia juu yake, unaenda kuibandika kwa mteja. Kuna jirani yangu hapa Mbagala analipa ada za watoto wawili kwa kazi hiyo. Ndiyo maana niliingia mzima mzima.

"Ofisi" iko Kariakoo, ghorofa ya tatu. Kuna meza ya kioo, plota nyeupe inang'aa juu yake, na pembeni kikombe cheupe kilichokatika mpini, kimejaa kalamu na visu vidogo. Kijana ni mpole, kavaa vizuri, ananiita "mama yangu" ingawa sidhani kama tunapishana miaka kumi. Akaniuliza jina la mwanangu wa kwanza, akaliandika, akabonyeza. Mashine ikalia kidogo, akachambua, akabandika jina la mwanangu nyuma ya simu yangu. Limetoka safi, hadi nukta ya herufi i ni duara kamili. "Na yako ni hii hii, mama yangu. Iko stoo, boksi halijafunguliwa."

Hapo ndipo nilipoingizwa mkenge. Niliyoonyeshwa na niliyouziwa ni mashine mbili tofauti, na mimi sikuomba kuiona yangu ikikata hata mstari mmoja.

Dalili zilikuwepo, tusidanganyane. Lipa namba ilitokea jina la duka la vipodozi. Akasema ni la shemeji yake. Risiti ilikuwa ya kitabu, imeandikwa kwa peni, na juu kabisa imeandikwa "profoma", yaani makadirio ya bei, si risiti. Nilipouliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema nikiitaka itabidi niongeze asilimia 18 ya VAT, "na mimi nakuhurumia, mama yangu". Nikamshukuru! Nilimshukuru mtu kwa kuninyima ushahidi.

Kirikuu lilileta boksi saa moja usiku. Boksi jipya, gundi mpya. Nilipolifungua, sebule nzima ilinuka rangi ya kupuliza, na mimi nikadhani ndivyo vitu vya kiwandani vinavyonukia.

Kazi ya kwanza ilikuwa bango la genge la jirani: MBOGA NA MATUNDA. Herufi O haikufunga. Kisu kilianza juu, kikazunguka, kikarudi pembeni ya pale kilipoanzia, kikaacha uwazi wa kama unene wa kucha. Ukiivuta kuichambua, inang'oka na jirani zake. Nikampigia simu, akasema ongeza presha. Nikaongeza, kisu kikakata mpaka karatasi ya chini. Akasema geuza kisu. Nikageuza. Akasema labda umeme wenu wa Mbagala. Wiki nzima ikaishia hapo, na stika nyeusi nusu roli imekwenda kwenye ndoo ya taka.

Nilimpata fundi Buguruni, mzee mtaratibu, wa zile mashine kubwa za matangazo. Aliniambia O kutofunga si lazima mashine iwe mbovu. Inaweza kuwa kisu butu, au programu haijaambiwa ncha ya kisu imekaa pembeni kiasi gani. Akaweka kisu kipya cha nyuzi 45, akaandika milimita 0.25 kwenye mipangilio, O ikawa nafuu lakini bado haikufunga. Ndipo akachukua bisibisi. Kabla hajafungua akanionyesha vichwa vya skrubu: vimeliwa. "Mashine mpya nani aliifungua mara nyingi hivi?" Nyuma, panapokaa kibati chenye namba ya mashine, palikuwa na alama mbili za gundi tu. Magurudumu madogo ya mpira yanayobana stika yalikuwa na upara kama tairi la daladala, ndiyo maana kazi ya mita mbili ilikuwa inaishia imekwenda upande. Mkanda unaovuta kisu umelegea. Halafu akapitisha kucha yangu kwenye ule utepe mweupe ulio chini ya kisu, ule unaokaa kitako cha mashine kwa urefu wote. Una mifereji, imekatika katika, kama ubao wa jikoni uliokatiwa vitunguu miaka kumi. "Mama, hii imeshafanya kazi ya watu wengine. Wamepiga rangi tu."

Kucha yenu inatosha. Mkienda kununua plota inayoitwa mpya, pitisheni kucha pale. Utepe wa mashine mpya ni laini.

Sasa niwaeleze taa nyekundu iliyopo kwenye mashine. Kwenye tangazo wameandika "ina kontua", maana yake inaweza kukata kwa kufuata picha iliyokwisha kuchapishwa, kama lebo. Mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga alinipa kazi ya lebo 300, nikapeleka zikachapishwe kwenye stika, zikarudi na zile alama nyeusi za pembeni. Nikasubiri mashine izisome. Haikusoma kitu. Kumbe taa ile ni kidole tu cha kuonyesha: wewe mwenyewe unasogeza kwa vitufe mpaka nukta nyekundu isimame juu ya alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila karatasi upya. Mashine yenye jicho la kweli inazitafuta alama yenyewe. Zote mbili zina taa, na zote mbili wauzaji wanaziita kontua, lakini bei zake hazilingani kabisa. Nilikesha na karatasi 14, kisu kikapotea milimita mbili au tatu, kikala majina ya watu kwenye lebo. Nilimrudishia yule mama hela yake yote pamoja na ya uchapaji.

Kuhusu roli kumi. Zimeandikwa sentimita 61 kwa mita 50. Nilitandaza ya kwanza koridoni kwa futi ya fundi cherehani, nikapata mita 31. Ya pili 33. Nyeusi, ambayo ndiyo inatumika kuliko zote, 28. Kwa macho huwezi kujua, na fundi alinieleza kwa nini: stika pamoja na karatasi yake ni nyembamba mno, kwa hiyo roli ya mita 50 ya stika ya kawaida ina kipenyo cha kama sentimita 14 au 15, na ukiondoa mita 20 inapungua sentimita mbili hivi tu. Ukiweka na bomba nene katikati, hata hizo mbili hazionekani. Kinachosema kweli ni mizani. Beba roli mbili za upana na aina moja kutoka maduka mawili, zipime uzito.

Na ubora wake je? Aliniapia "miaka mitano juani". Bango la genge nililobandika mwezi wa tatu, kufika mwezi wa saba nyekundu imeshakuwa waridi, na stika imesinyaa, imeacha mstari wa gundi uliojaa vumbi kuzunguka kila herufi. Hii inanikera zaidi kwa sababu ningeweza kujua. Stika za bei rahisi hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya magurudumu ya moto, zinanyooshwa kwa nguvu, na kile kilainisho kilichomo kinatoka kidogo kidogo kwenye jua. Ndiyo maana inajikunja kurudi ilikotoka. Stika ya daraja la juu inamwagwa kama uji mwepesi na kukaushwa, haikuvutwa, kwa hiyo haina pa kurudi. Na ni nyembamba kuliko ile ya rahisi, kama maikroni 50 kwa 80. Mimi nilikuwa naibonyeza kwa vidole na kusema "hii nzito, hii ndiyo nzuri". Stika ya rahisi si haramu, ina kazi zake: ya ndani, ya sherehe, ya ofa ya mwezi mmoja. Kosa ni kuuziwa hiyo kwa jina la nyingine.

Mafunzo ya siku tatu yalikuwa saa mbili za mchana mmoja, wanafunzi tisa, laptopu moja. Programu ilikuja kwenye kisahani cha CD, na kompyuta yangu haina tundu la kisahani, basi akanitumia kiungo cha WhatsApp, kompyuta ikapiga kelele za virusi, akasema puuza. Siku ya thelathini programu ikajifunga. Kuifungua: 150,000. Sikulipa.

Sasa sikilizeni hii ya "kazi tunakupa sisi", maana ndiyo inayowavuta wengi. Kazi ilikuja kweli, stika 200 za "mteja mkubwa", ila kwanza utoe dhamana ya 100,000 ya malighafi, utarudishiwa ukikabidhi. Nikatoa. Nikakata kwa mashine ya jirani ili zitoke safi. Akazishika juu juu, akasema mteja kazikataa, hazina kiwango, na dhamana imekula hasara. Zile stika hakunirudishia. Mwenye kazi halali anakupa malipo ya awali, hakudai wewe.

Nilipoanza kupiga kelele ndipo akatoa alilokuwa ameliweka mwisho. "Mama yangu, tusigombane. Ukiniletea mtu mmoja anunue kifurushi, nakurudishia 150,000. Wakifika kumi na tatu umerudisha hela yako, na zaidi."

Nilikaa na simu mkononi. Tangazo lile sikulikuta mwenyewe. Nilitumiwa na mwenzangu wa kikoba, tunayekaa naye benchi moja, akaongezea, "ukifika mwambie nimekutuma mimi". Nilimfuata kwake. Hakubisha. Alilizwa mwezi wa kwanza, mumewe hajui mpaka leo, na alikuwa amehesabu watu wanne tu ili amalize deni. Mimi nilikuwa wa pili. Nimemsamehe? Siku nyingine ndiyo, siku nyingine nikipeleka marejesho ya kikoba hapana. Lakini nimeelewa kwa nini mitaani husikii mtu akilalamika: aliyepigwa amepewa sababu ya kunyamaza. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu unayemwamini kwamba mashine ni nzuri, mwombe akuonyeshe kazi aliyokata wiki hii kwa mashine hiyo hiyo, mbele yako. Akianza kuzungusha maneno, umeshajibiwa.

Nimechukua RB ya polisi. Kituoni niliambiwa kwanza kwamba hayo ni madai, si jinai, kwa kuwa mzigo niliupokea. Niliporudi na picha za pale kilipong'olewa kibati na meseji za dhamana, wakafungua jalada. Meseji zake nimezituma pia 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Waliopigwa wenzangu, tunzeni boksi, tunzeni meseji, msifute kwa hasira kama nilivyofuta za wiki ya kwanza. Na msikubali "kubadilishiwa mashine" kabla hamjaipiga picha ya zamani pande zote, kwa sababu mwenzetu mmoja alirudisha mashine na hadi leo hana mashine wala hela.

Yangu ninayo bado. Fundi amebadilisha utepe, mkanda na magurudumu kwa 180,000, na sasa O inafunga. Nakata majina ya chupa za shule na mistari ya bajaji, kazi fupi fupi. Ukitaka kuanza na huna uhakika, chora kwako, kakatishe kwa mwenye mashine, uuze. Utajua kama wateja unao kabla hujakopa.

Jumapili iliyopita nimeliona tangazo tena. Jina jipya, rangi mpya, "ofa ya wiki" 1,650,000, na wenye kuuliza bei chini yake walikuwa wengi. Nimeandika onyo, likafutwa, nikafungiwa. Video ni ile ile. Itazameni kona ya kushoto, pembeni ya mashine: kikombe cheupe kilichojaa kalamu, hakina mpini.